Kabati Lenye Kufuli si Maktaba

Ipo tabia katika baadhi ya shule za msingi ambayo yapasa ikemewe bila muhali. Vitabu vya hadithi, vya historia na vya sayansi vinapopokelewa, huandikwa katika daftari la mali, hupigwa mhuri, kisha hufungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mkaguzi akifika, kabati hufunguliwa, vitabu huhesabiwa, na idadi huonekana kuwa kamili. Itakosaje kuwa kamili? Kitabu kisichoguswa na mtu hakipotei.

Wenye tabia hiyo wanayo hoja, nayo huitoa kwa sauti ya busara: watoto wadogo hawajui thamani ya kitabu, watakichana, watakichafua, wangoje wakue. Hoja hiyo ni potofu. Ni ile ile waliyoitumia wakoloni walipodai kwamba Mwafrika atakabidhiwa nchi yake siku atakapokuwa tayari. Mtoto hawezi kujifunza kutunza kitabu asichopata kukishika, kama vile hakuna aliyejua kulima kwa kutazama jembe lililofungiwa ghalani.

Taifa halikuanzisha maktaba za umma ili kuhifadhi karatasi. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, Uhuru ungali mchanga. Maktaba Kuu ya Taifa, mjini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Wapo watakaokumbusha kwamba andiko hilo la Elimu ya Kujitegemea lilikemea kasumba ya kudhani kuwa maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Ni kweli. Lakini lilidai pia kwamba shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi na awe na imani na nafsi yake. Mtoto anayeletewa kila kitabu mkononi, ukurasa wa kusoma ukiwa umekwisha kuchaguliwa na mkubwa, hadadisi kitu. Anapokea tu.

Kwa hiyo yafaa afundishwe, tangu Darasa la Pili au la Tatu, namna maktaba inavyofanya kazi. Si jambo gumu. Katika maktaba nyingi za umma kila kitabu cha maarifa hubandikwa namba mgongoni: sayansi huanzia 500, kilimo ni 630, historia na jiografia zimo katika 900, na ngano za wahenga ziko 398. Mtoto anayetaka kujua habari za kuku ataongozwa na namba mpaka 636.5, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kujua. Utaratibu huo ulitungwa na Mmarekani, Melvil Dewey, ukachapishwa mwaka 1876, na una kiburi cha mahali ulikotoka: fasihi ya Kiingereza imetengewa namba kumi nzima kuanzia 820, na ya Kifaransa kumi kuanzia 840, hali fasihi ya Kiswahili imebanwa katika 896.392 kama abiria anayening'inia mlangoni mwa basi. Mwalimu asilifiche jambo hilo. Mtoto aambiwe, acheke, kisha aende huko huko akamtafute Shaaban Robert.

Halafu ajifunze kuazima na kurudisha. Afahamishwe kwamba kitabu alichokitoa rafuni akiache mezani, mkutubi akirudishe mwenyewe, kwa maana kitabu kilichopachikwa mahali pasipo pake kimepotea sawasawa na kilichoibwa. Aone tarehe ya kurudisha, ajue kwamba nyuma yake yuko mtoto mwingine anayekingojea, ambaye huenda hatamwona kamwe. Ni wapi pengine ambapo raia wa miaka minane hukabidhiwa mali ya umma, akaitumia nyumbani kwake, akairejesha nzima? Viongozi hulalamika kila siku juu ya viti vya mabasi vinavyochanwa na mabomba yanayong'olewa. Waliofanya hayo walikuwa watoto jana.

Wako wanaosema siku hizi kwamba simu imeondoa haja ya yote hayo. Hao hawajamtazama mtoto mwenye simu: husoma kile kinachosukumwa mbele yake.

Maofisa elimu walio jirani na maktaba za mikoa wapange zamu za madarasa kwenda huko. Palipo mbali, kabati lifunguliwe, daftari la kuazima liwekwe, na wanafunzi wa Darasa la Sita wawe wakutubi wa wadogo zao. Mkaguzi naye abadili swali: badala ya kuuliza vitabu vingapi vipo, aulize vingapi vilitoka wiki hii. Na kwa kuwa walimu wengi hufunga makabati kwa hofu ya kudaiwa fidia, si kwa uchoyo, kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kiandikwe hivyo katika daftari la mali, wala kisihesabiwe kuwa hasara.