Kutoka sio kazi, kazi kurudi

Sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili, hasa mwaka wa tatu, stori kubwa bwenini ni ile nafasi ya Fulbright FLTA: unakwenda kufundisha Kiswahili chuo cha Marekani mwaka mmoja wa masomo, kwa viza ya J-1. Kila mtu anauliza unaingiaje. Ukishaingia unatokaje na unarudije, kimya.

Watu wanachanganya mambo mawili. Ile stika kwenye pasipoti ni ya kubishia hodi tu. Kinachokuweka ndani ni programu yako na fomu inaitwa DS-2019. Viza inaweza kuisha muda ukiwa darasani unafundisha ngeli, na huna kosa lolote. Ila ukivuka mpaka, hesabu inaanza upya: viza iwe haijaisha, na DS-2019 iwe na saini ya ruhusa ya safari kutoka kwa ofisa wa programu. Ukienda Canada au Mexico siku zisizozidi 30 kuna unafuu, unaweza kurudi hata na viza iliyoisha, mradi usiwe umeomba mpya hukohuko. Kuja Tabora unafuu huo haupo.

Sisi wa huku mambo haya si mageni. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo, na kule Ugogo misafara ikilipa hongo kwa watemi ili ipite. (Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia kabisa, sio hii ya chini ya meza.) Na njia ikifungwa imefungwa. Mwaka 1871 Mirambo alipoziba njia ya Ujiji, Stanley alikaa hapa Kwihara karibu miezi 3, mwisho akazungukia kusini.

Tofauti ni kwamba Mtanzania mwenye J-1 hana kusini ya kuzungukia. Tangazo la Rais Trump la Desemba 2025, lililoanza kazi 1 Januari 2026, liliiingiza Tanzania kwenye nchi zilizositishiwa viza mpya za wanafunzi, watalii na hizi za mabadilishano. Waliokuwa na viza hai hawakunyang'anywa, sawa. Lakini ambaye viza yake imeisha akiwa kule, akipigiwa simu kwamba mzee amefariki Nzega, achague: kuzika au kumaliza mwaka.

Hapo ndipo mimi nakataa. Hawahawa wanakuwekea sharti kwamba programu ikiisha urudi kwenu ukae miaka 2 kabla ya kuomba viza za kazi au ukaazi. Sharti hilo nalikubali, walimu tunahitajika nyumbani. Sasa kama kurudi nyumbani ndio lengo, wiki mbili za msiba zinamkosesha mtu programu kwa lipi?

Mwenye ndugu kule amuulize leo, kabla hajakata tiketi: viza inaisha lini, na saini ya DS-2019 ni ya tarehe gani?