KUCHEMSHA MAJI SI SERA

Ndugu wanachama,

Kila mvua zikianza tunaambiwa: chemsheni maji. Tutachemsha. Lakini mkaa ananunua nani?

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, kikaua mamia. Mgonjwa akalaumiwa ni mchafu. Bomba je? Maji yakikatika, bomba lenye ufa hunyonya uchafu wa ardhini. Yakirudi, uchafu huo unaingia ndooni. Mgao wa maji ni suala la afya, si usumbufu tu.

Tunadai vipimo vya klorini vya Likombe vibandikwe ofisi ya kata kila mwezi. Bili tunaisoma kila mwezi. Na vipimo tuvisome.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tujitokeze tuulize.

Uongozi wa Tawi, Likombe