Pikipiki kuukuu haitaki mapambo, inataka beringi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Makete. Baada ya "shikamoo mjomba" na "marahaba" akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Amenunua mnadani Honda XL 125 ya zamani iliyokuwa ya mradi mmoja wa kilimo, na anaomba nimtumie pesa za taa mbili za ziada, ekzosi yenye mlio na kereti ya chuma ya kubebea mizigo. Kijana huyu ni mhudumu wa zahanati. Pikipiki hiyo ndiyo atakayopandia milima ya huko na chanjo nyuma ya kiti, masika na kiangazi. Nikamwambia sitatuma hata senti tano ya taa. Tukanuniana. Naandika haya kwa kuwa najua hayuko peke yake, na sisi wa huku ughaibuni ndio tunaowapotosha kwa picha tunazowatumia.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Uingereza, nilinunua Honda Africa Twin 750, zile zilizotengenezwa kuanzia 1990 hadi 2003. Jina lake lilitokana na sifa ya mbio za Paris-Dakar, ambako pikipiki za NXR750 za kiwanda hicho zilishinda mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989. Kwa mtu aliyekulia Afrika, jina hilo peke yake linatosha kumtoa pesa mfukoni, na sisi wabeba boksi tukishapata pauni mbili tatu tunajulikana. Nikanunua masanduku matatu ya alumini, taa za ukungu, kioo kirefu cha kukinga upepo na vyuma vya ubavuni. Gurudumu sikufungua hata moja. Pikipiki hiyo inazidi kilo 200 hata kabla ya kutiwa mafuta, nami nikaiongezea uzito kama wa mtu mzima.

Safari ya kwanza ya njia za matope kule Wales, beringi za gurudumu la nyuma zikasagika. Zilikuwa kavu, zimeshika kutu, na mlio wake niliusikia tangu asubuhi nikajifanya sisikii. Bei ya beringi hizo haikufika hata bei ya kitasa cha sanduku moja. Nikakaa juu ya sanduku langu zuri, mvua inanyesha, nikisubiri gari la kunibeba. Kwa kiti, kusema kweli, lilinifaa.

Nilipoifungua pikipiki nyumbani ndipo nikaona aibu. Beringi za mkono unaoshikilia shokapu ya nyuma hazikuwa na grisi hata chembe. Oili ya shokapu za mbele ilikuwa nyeusi. Mipira inayounganisha kabureta na injini ilikuwa na nyufa, na mahali hapo ndipo vumbi hupita bila kuonana na filta ya hewa, likaenda kusaga silinda kama msasa. Mipira ya breki nayo hulegea kwa umri, unakanyaga huku nguvu inaishia kwenye kutanua mpira. Hayo hayaonekani kwenye picha, lakini ndiyo yanayoamua kama utarudi nyumbani ukiwa umepanda pikipiki au ukiisukuma.

Je, nasema tusibadilishe kitu? La hasha. Ziko nyongeza zenye akili. Bamba la kukinga injini kwa chini, kwa sababu jiwe moja likitoboa kasha la oili safari imekwisha. Kinga za mikono, kwa kuwa klachi ikivunjika ukianguka utakwama. Springi zinazolingana na uzito wako na mzigo wako, maana za zamani zimeshachoka. Na ile ambayo wengi hawaijui ingawa ni rahisi sana: punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Jino moja la mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu ya nyuma. Barabara ya lami utapoteza mwendo kidogo, lakini kwenye tope na mawe utatembea polepole kwa giya ya kwanza bila kuchoma klachi. Mnyororo nao usiukaze kama waya wa gitaa. Shokapu ikibonyea mnyororo unajivuta, na kama haukuachiwa nafasi utaua beringi ya giyaboksi.

Wapo watakaonibishia kwamba safari ndefu haiwezekani bila masanduku na vifaa vya kisasa. Nawakumbusha kwamba Paris-Dakar ya kwanza, iliyoanza Desemba 1978, alishinda Cyril Neveu kwa Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja inayopozwa na hewa, ambayo mtu yeyote aliweza kuinunua dukani tangu 1976.

Na tusidhani jambo hili ni la starehe tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Randy Mamola, Mmarekani wa mashindano ya pikipiki, na Barry Coleman wa hapa Uingereza walikwenda Somalia wakakuta pikipiki za kazi za afya zimetelekezwa kwa kukosa matengenezo ya kawaida. Kutokana na hali ya namna hiyo likazaliwa shirika la Riders for Health, lililofundisha wahudumu wa afya katika nchi kadhaa za Afrika kukagua pikipiki kila siku na kubadilisha vipuri kabla havijafa. Kabla havijafa, wasomaji wangu! Kwetu mazoea ni kungoja hadi kitu kikatike ndipo tuite fundi, halafu tunamlaumu fundi. Mafundi wetu wana mikono ya ajabu, ila beringi ya bandia uliyomletea hawezi kuigeuza ikawa halisi.

Juzi nilimpigia tena mpwa wangu. Nikamwambia ainue gurudumu la nyuma, alishike juu na chini alitikise. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, linacheza." La mbele nalo linacheza. Kifurushi kimeondoka Jumatatu: beringi za magurudumu yote mawili, sifongo mbili za filta ya hewa, mnyororo na sproketi zake, pedi za breki, plagi mbili na mkebe wa grisi. Amenishukuru, ingawa ile ekzosi ameiulizia tena.