Mguu wa Mfanyakazi

Ndugu Wanachama,

Kwetu Meru na Embu reli haifiki. Hupita Sagana ikapanda mpaka Nanyuki, nasi twaifuata huko kutafuta kazi. Ndugu mmoja wa genge letu, mtu wa Embu, alichubuliwa na buti. Hakusikia maumivu. Alikuwa na kisukari, akaficha kwa kuogopa kufutwa, akaendelea kubeba mataruma. Alipofika hospitali mguu umekwisha kuoza. Ukakatwa.

Wengi tulisema, "Amejiletea mwenyewe kwa chai ya sukari." Hiyo si haki. Kisukari aina ya pili huletwa na mambo mengi: ukoo, unene, umri, chakula. Tena wako watu wazima walioandikiwa aina ya pili, kumbe kingamwili, askari wa mwili, wameasi na kushambulia kongosho linalotengeneza insulini. Hao vidonge huwashinda mapema, wakahitaji sindano. Kosa lao nini?

Kwa wote, sukari ikizidi miaka mingi huharibu mishipa ya damu. Midogo huharibika machoni, katika figo na neva za miguu. Ndipo ganzi huingia. Mikubwa huziba, moyo na ubongo zikakosa damu. Lakini madhara hupunguzwa. Uchunguzi ulioanza Uingereza mwaka 1977 ulionyesha mwaka 1998 kwamba kutunza sukari kwa bidii hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo. Nasi je? Serikali ilipopima nchi mwaka 2015, watu wazima karibu 88 katika 100 walikuwa hawajapimwa sukari hata mara moja.

Basi chama kidai mambo matatu. Kwanza, tupimwe kila mwaka sukari, presha, macho na miguu. Pili, buti zimtoshe kila mtu, na zamu iwe na saa ya kula. Mtu wa insulini akikosa chakula huweza kuanguka relini. Tatu, mgonjwa asifukuzwe. Sheria ya Kazi ya 2007 yatoa kwa mwaka siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini, na kidonda cha kisukari hakiponi kwa siku 14. Tuombe zaidi.

Nawe ndugu, jioni vua buti utazame nyayo zako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni mimi mwenzenu wa genge la njia.