MAZINGATIO YA MWEZI: Msumeno wa Seremala



Mwezi huu twawaletea wazee na vijana wetu habari ya picha moja ya Uingereza iliyotolewa mwaka 1751. Aliyeichora ni William Hogarth wa London (1697–1764). Kazi yake ilikuwa kuchora mistari katika bamba la shaba, kisha bamba likatiwa wino na kupigwa chapa, zikapatikana nakala nyingi za kuuzwa. Picha zake nyingi zilikuwa za dhihaka, lakini dhihaka yenye mafunzo.

Picha hiyo yaitwa Gin Lane, yaani Kichochoro cha Jin. Jin ni pombe kali, na zama hizo ilikuwa rahisi mno, ikawaangamiza maskini wa mji. Katikati ameketi mwanamke ngazini, miguu imejaa vidonda, anachota tumbaku ya kunusa. Na mtoto wake mchanga anaporomoka kutoka mikononi mwake, wala mama hana habari. Kando, seremala anaweka rehani msumeno wake, na mwanamke mwingine vyombo vyake vya kupikia. Mtu na mbwa wanatafuna mfupa mmoja. Nyumba zinabomoka, ila nyumba ya mpokea rehani imesimama imara.

Tuzitazame alama hizi. Aliyeuza msumeno, kesho atafanya kazi kwa nini? Aliyeuza sufuria, watoto wake watapikiwa katika nini? Na akili ikiisha kuondoka, mtu na mbwa wana tofauti gani? Sanduku la mpokea rehani hujaa kwa kadiri ya jiko la mlevi linavyopoa.

Lakini Hogarth alitoa na picha ya pili, Beer Street, yaani Njia ya Bia. Humo watu wamenenepa na kuchangamka, kazi zinakwenda, na sasa nyumba ya mpokea rehani ndiyo mbovu. Shauri lake lilikuwa hili: acheni jin, mnywe bia. Hapo ndipo njia yetu na yake zinapoachana. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba katika ulevi mna manufaa kidogo, bali imebainisha kuwa madhambi yake ni makubwa zaidi. Na katika Suratul Maida, aya ya 90, tukaamrishwa kujiepusha nao kabisa. Naye Mtume wetu (S.A.W.) akafunza kwamba chenye kulevya kingi chake, hata kichache chake ni haramu.

Huenda kijana akasema: "Mimi naonja tu, na kazi yangu naifanya." Basi na autazame tena ule msumeno. Hauwi na msumeno ila mwenye kazi. Seremala yule naye alikuwa fundi mwenye riziki, na hakuianza safari yake katika duka la rehani. Aliianza katika kikombe cha kwanza. Sharia imeufunga mlango pale unapofungika kwa urahisi.

Enyi wazazi, wasimulieni watoto picha hii, muwaulize kila alama ina maana gani. Wala tusimcheke mlevi wa mtaani kwetu. Tumnasihi kwa upole, na tuwatazame wanawe wasilale njaa, kwani wao hawakunywa kitu.

Wabillahi tawfiq.