Kabla Hujaunganisha C na D

Likizo iliyopita nyumbani Mpanda, C ya kompyuta yetu ya mezani ilijaa hadi ikawa nyekundu, huku D ina nafasi tele. Nikaona niziunganishe tu. Windows yenyewe huongeza C kwa nafasi tupu iliyo jirani yake, kwa hiyo D ingebidi ifutwe kwanza. Humo nilikuwa na majibu ya utafiti wangu, wakulima 40. Nikatumia programu ya kuunganisha bila kufuta. Katikati ya kuhamisha mafaili, umeme ukakatika. Ulipurudi, D haisomeki.

Kosa ni langu. Jamani, programu kutofuta si kinga dhidi ya giza. Msimamo wangu: asiye na nakala asiguse patisheni. Flashi ndogo tu ingeniokoa. Na mara nyingi hata kuunganisha hakuna haja. Hamishia muvi D, C ipumue.

Niliwarudia wale wazee shambani na maswali yaleyale. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, yale ya kwanza uliyapeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Wewe nakili ya kwako leo.