Wasichana Wasifungiwe Njia ya Angani

Ndege inapopita juu ya Lisekese, watoto wa shule huacha mchezo wakainua macho. Wavulana na wasichana huitazama kwa shauku ile ile. Lakini wakisha kukua, mvulana huweza kushauriwa ajaribu urubani au ufundi wa ndege, na msichana, kama akishauriwa lolote, huambiwa kwamba anaweza kuwa mhudumu wa abiria. Hapo ndipo penye kasoro, nayo imezaliwa majumbani na madarasani.

Hapana sheria ya Tanzania inayomkataza mwanamke kurusha ndege. Masharti ya leseni hufuata kanuni za kimataifa zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944. Mwenye kutaka leseni ya urubani wa biashara sharti awe ametimiza miaka 18, apimwe afya, afaulu mitihani, na awe ameruka kwa saa 200, au saa 150 ikiwa amesoma katika mafunzo kamili yaliyoidhinishwa. Habari ya mwanamume au mwanamke haimo. Hata hivyo, wanawake ni kama asilimia 5 tu ya marubani wa mashirika ya ndege duniani.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1892 katika jamaa ya wakulima wa pamba, alikataliwa na vyuo vya urubani vya kwao kwa sababu ya rangi yake na kwa kuwa ni mwanamke. Alijifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na mwaka 1921 akapata leseni. Jirani zetu Kenya, Irene Koki Mutungi aliingia katika shirika la ndege la nchi yake mwaka 1995, na baadaye akawa nahodha wa Boeing 787. Ethiopia nayo, mwaka 2015, ilituma Bangkok ndege iliyoongozwa na kuhudumiwa na wanawake watupu.

Mtoto wa mkulima wa pamba hana tofauti kubwa na mtoto wa mkulima wa korosho wa Masasi. Linalohitajika ni mlango usifungwe mapema, na mlango huo ni hisabati na fizikia. Binti anayeyaacha masomo hayo kidato cha tatu kwa kuambiwa kwamba ni ya wavulana, amekwisha kuachwa na ndege kabla hajafika uwanjani. Mwalimu atoaye kauli hiyo huenda akadhani anamhurumia, kumbe anamwamulia maisha yake yote.

Wazazi wengine wana hofu kwamba kazi hiyo itamweka binti mbali na nyumbani, tena nyakati za usiku. Hofu ya mzazi si ya kudharauliwa. Lakini wauguzi wa Hospitali ya Ndanda hukesha wodini, na hapana mzazi anayeona aibu kwa binti aliye muuguzi. Makungwi nao, ambao maneno yao husikilizwa na wasichana kuliko ya wengi, wanaweza kufundisha kwamba heshima ya mwanamke haipungui kwa kushika usukani wa ndege.

Tena urubani si kazi pekee. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hufundisha ufundi wa ndege, na Chuo cha Usafiri wa Anga hufundisha waongoza ndege. Vyote viko Dar es Salaam. Ni wanafunzi wangapi wa Shule ya Wasichana Masasi wanaovijua kama wanavyovijua vyuo vya ualimu na uuguzi? Mwalimu wa taaluma anaweza kulijibu swali hilo kwa karatasi moja ukutani yenye majina ya vyuo, masomo yanayotakiwa na muda wa kuomba.

Hata hivyo, ushauri peke yake hautoshi. Gharama za kujifunza urubani ni kubwa mno, na mauzo ya korosho ya kaya moja hayawezi kuzibeba. Serikali imenunua ndege mpya tangu 2016, na ndege zahitaji watu. Ni haki, tena ni busara, kutenga fungu la mikopo na ufadhili kwa vijana wa kike kutoka wilaya za mbali wenye alama zinazostahili, bila kupunguza kiwango cha mitihani. Kwani angani hapana upendeleo, na wasichana hawajauomba.

Maofisa elimu, kwa hiyo, wahakikishe kwamba shule za wasichana hazikosi walimu wa fizikia wala vifaa vya maabara. Walimu nao waache kugawa masomo kwa jinsia. Samaki mkunje angali mbichi, na binti wa Lisekese aandaliwe angali darasani.